Timu ya Nyumbani Ndani ya Kompyuta: Tahadhari kwa Mnunuzi wa Modi za Mchezo wa Soka

Mpenzi wa Coastal Union anayenunua mchezo wa soka wa kompyuta hugundua mapema kwamba klabu yake haimo. Atazikuta Arsenal na Real Madrid, hata klabu za daraja la pili za Uingereza, lakini klabu iliyoanzishwa Tanga mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 hataiona, wala uwanja wa Mkwakwani. Pengo hilo huzibwa na wapenzi wa mchezo wenyewe, ambao huchora jezi, huandika majina ya wachezaji na kuyatia yote katika faili ziitwazo modi. Nyingi hutolewa bure.

Tatizo la mlaji wa Tanga huanzia kwenye bando. Vifurushi vikubwa vya modi hufika makumi ya gigabaiti, na ni wachache wanaomudu kuvipakua nyumbani. Hivyo kijana huibeba kompyuta hadi kwa fundi, pengine katika mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani, na kulipa ili awekewe. Hatuoni ubaya wowote katika malipo hayo, kwa kuwa fundi ametumia bando lake na muda wake. Linalotuhusu ni kile kinachoachwa ndani ya kompyuta baada ya fedha kutolewa.

Modi huwekwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili faili mpya juu ya faili asilia za mchezo. Ni ya haraka, lakini faili asilia hupotea, na siku mchezo utakapogoma hakuna pa kurudi ila kuusakinisha upya wote. Njia ya pili ni kutumia programu ya kusimamia modi. Kwa PES 2021, mchezo uliotoka Septemba 2020, programu inayojulikana sana ni Sider. Hii hukaa kati ya mchezo na faili zake: mchezo unapoomba jezi, Sider huupa ile iliyomo katika folda iitwayo livecpk, na faili asilia hubaki kama zilivyokuwa. Kwa michezo ya kampuni ya EA kuanzia FIFA 17, iliyotoka mwaka 2016, zipo Frosty Mod Manager na FIFA Mod Manager, ambazo huunda folda ya pembeni na kuufungua mchezo kupitia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize fundi swali moja: nikitaka kuiondoa modi hii, nifanye nini? Anayetumia programu ya kusimamia atakuonyesha alama ya kuondoa au folda ya kufuta. Atakayejibu kwamba itabidi urudishe kompyuta kwake amekuuzia utegemezi. Muulize pia modi hiyo ni ya toleo lipi la mchezo, maana kampuni inapotoa toleo jipya, modi ya zamani huweza kuuzuia mchezo usifunguke. Modi zikiwa nyingi, mpangilio wake katika orodha huamua ipi ionekane pale mbili zinapogusa kitu kimoja. Makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ya kompyuta chanzo chake ni hapo.

Jambo zito zaidi ni agizo la kuzima programu ya kuzuia virusi. Agizo hilo lina chembe ya ukweli: programu hizi huingilia utendaji wa programu nyingine, kama virusi wafanyavyo, na kwa sababu hiyo huweza kushukiwa bila kosa. Lakini mhalifu naye hujificha nyuma ya maelezo hayo hayo. Tuchukue mfano wa nyumba ya Makorora ambako kompyuta moja hutumiwa na mtoto kwa mchezo na mzazi kwa barua pepe na huduma za benki. Ulinzi ukizimwa kwa ajili ya jezi, nywila za mzazi ziko wazi pia.

Usikubali ulinzi wote uzimwe. Programu ya kusimamia ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji wake, ikaguliwe, kisha folda yake peke yake ndiyo iruhusiwe. Tazama pia mwisho wa jina la faili. Modi ya Frosty huishia na .fbmod, na ya FIFA Mod Manager huishia na .fifamod, modi za Sider kwa kawaida ni folda zenye faili za mchezo. Jezi iliyokuja kama faili ya .exe haina sababu ya kufunguliwa.

Wanaocheza mtandaoni wana hasara nyingine ya kuogopa. Tangu FIFA 23, iliyotoka Septemba 2022, EA iliweka katika michezo yake ya soka ya kompyuta mfumo wa kuzuia udanganyifu, na masharti yake hayaruhusu mchezo kurekebishwa. Akaunti ikifungiwa, mchezo ulioulipia huondoka nayo. Modi zitumike katika mechi za nje ya mtandao tu.

Ukiuziwa mchezo wenyewe kwenye diski ya nje kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba nakala isiyo na idhini inakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na muuzaji wa namna hiyo hatakupa risiti.

Kwa huduma halali, dai risiti inayotaja jina la modi, toleo la mchezo na tarehe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani yakiwa na risiti hiyo. Iwapo muuzaji alikupata kwa ujumbe wa simu, akapokea fedha na kutoweka, tuma ujumbe huo na namba yake kwenda 15040, kisha utoe taarifa kituo cha polisi. Usiufute ujumbe wala kumbukumbu ya malipo kabla ya kufika huko.