Chaneli na Barakoa: Yaliyofichika Ndani ya Picha ya Kitabibu

Picha ya kidijitali ya jicho, ya kidonda au ya ngozi humfikia daktari ikiwa moja, lakini ndani yake zimo picha tatu. Kila nukta ya picha hiyo, yaani pikseli, hubeba namba tatu: ya mwanga mwekundu, ya kijani na ya buluu. Katika picha za kawaida kila namba huanzia 0, pasipo na mwanga wowote, hadi 255, ambapo mwanga umefika kikomo. Namba za rangi moja zikitengwa na kukusanywa peke yake hufanya kile kiitwacho chaneli. Chaneli ikifunguliwa yenyewe huonekana kama picha ya zamani isiyo na rangi, na hapo ndipo manufaa yake kwa tiba huanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza kuwa bado anaona vizuri kabisa, ilhali vijishipa vya retina yake vimekwisha kuanza kuvimba na kuvuja. Vivimbe hivyo vya mwanzo ni vidogo mno, mara nyingi havifikii upana wa milimita 0.1, navyo ni vyekundu juu ya utando ambao nao una rangi ya machungwa iliyokoza. Kutafuta nukta nyekundu juu ya uwanja mwekundu ni kazi inayolichosha hata jicho lililozoea.

Chaneli ya kijani huigeuza kazi hiyo kuwa nyepesi. Himoglobini iliyomo ndani ya damu hufyonza sana mwanga wa kijani. Kwa hiyo, palipo na damu, mwanga huo haurudi kwenye kamera. Mishipa, vivimbe na mivujo ya damu hutokea kama alama nyeusi juu ya uwanja wa kijivu, huku mabaki ya mafuta yaliyovuja yakiangaza kwa weupe. Chaneli nyekundu ya picha hiyohiyo kwa kawaida huwa imejaa mwanga kupita kiasi, na mishipa hufifia. Ya buluu huwa na giza na chengachenga, hasa kwa wazee, kwa kuwa lenzi ya jicho linalozeeka huelekea umanjano na kuuzuia mwanga wa buluu usifike ndani.

Maarifa haya si mageni. Vipimo vya mkononi vya kuchunguzia jicho vimekuwa na kichujio cha kijani tangu enzi ambazo kompyuta hazijaingia kliniki. Chaneli ya kijani hufanya kazi hiyohiyo baada ya picha kupigwa. Ipo pia sababu ya kiufundi. Katika kamera nyingi, kila kundi la vipokea mwanga vinne lina viwili vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970. Kijani, basi, ndiyo rangi iliyopimwa kwa ukamilifu zaidi.

Hata hivyo, anayeitazama chaneli moja tu hujinyima ushahidi. Katika kijani, tone la damu na doa la melanini huweza kuonekana vyote vyeusi. Akihamia chaneli nyekundu, damu hufifia lakini melanini hubaki na giza lake. Kulinganisha chaneli mbili namna hii ndiko kunakomtofautisha mtu aliyejifunza mbinu na yule anayebofya tu. Programu za bure kama ImageJ, iliyotokana na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na GIMP huzitenganisha chaneli kwa amri moja.

Chaneli huzaa barakoa. Neno hili wahudumu wa afya wanalifahamu kwa maana nyingine, na maana hizo mbili hazipishani sana, kwani barakoa ya picha nayo huzuia na kupitisha. Ni picha ya kijivu inayowekwa juu ya nyingine: penye weupe, badiliko hupita, penye weusi, huzuiwa, penye kijivu, hupita kwa kiasi. Ubora wake ni kwamba haifuti kitu. Picha ya asili hubaki salama chini yake, na barakoa ikiondolewa kila kitu hurejea. Kwa kumbukumbu za tiba, hili ni jambo zito kuliko uzuri wa picha.

Faida yake hudhihirika katika kupima vidonda. Desturi ya wodi nyingi ni kuzidisha urefu kwa upana kwa kutumia rula. Kidonda chenye umbo la yai, urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 3, hupewa eneo la sentimita 12 za mraba, ilhali eneo lake halisi ni takribani 9.4. Mtaalamu akipiga picha kwa kuielekeza kamera wima juu ya kidonda, akiweka kipande cha rula kando yake, anaweza kutengeneza barakoa inayofunika kidonda pekee, kisha programu ikahesabu pikseli zake. Ikiwa sentimita 1 ya rula ni pikseli 100, basi sentimita 1 ya mraba ni pikseli 10,000, na barakoa yenye pikseli 94,000 ni sentimita 9.4 za mraba. Kwa vidonda vya mguu wa kisukari, kupungua kwa eneo kwa nusu ndani ya wiki 4 ni dalili njema ya kupona. Kidonda kisichofikia hapo kinahitaji kuangaliwa upya mapema. Kosa la rula laweza kuificha tofauti hiyo. Mbinu hii ina mpaka wake: haipimi kina, na juu ya kisigino kilichopinda hupunguza ukubwa wa kweli.

Kazi ya tatu ya kufunika inamgusa mgonjwa moja kwa moja, nayo ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Mstari mweusi juu ya macho haumfichi mtu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imetamka wazi kwamba kufunika macho pekee hakutoshi. Ndugu humtambua mtu kwa kovu, kwa hereni, hata kwa kanga aliyojifunga. Kuuvuruga uso kwa kuuzungusha ni hatari vilevile: mwaka 2007 polisi wa Ujerumani waliurudisha uso uliokuwa umezungushwa kwa programu, na Interpol ikautangaza dunia nzima. Wino wa simu unaoonekana mweusi mara nyingi huangaza kidogo, na jina lililo chini yake husomeka mwanga wa picha ukiongezwa. Na sifa ileile iliyosifiwa hapo juu, ya barakoa kutofuta kitu, hapa huwa hatari: faili likitumwa pamoja na matabaka yake, anayelipokea anaweza kuivua barakoa.

Kwa hiyo nakala ya kutumwa hupunguzwa mpaka libaki eneo la ugonjwa tu, hufunikwa kwa rangi isiyopenya, huunganishwa kuwa tabaka moja, na huondolewa taarifa za ndani za mahali na saa ya kupigwa. Nakala ya asili hubaki kwenye jalada, bila kuguswa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inafanya vivyo hivyo. Mgonjwa anayeombwa picha anaweza kuuliza itahifadhiwa wapi na ni nani watakaoiona, na anaweza kuomba aonyeshwe ile iliyokwisha kufunikwa kabla haijatoka kwenye simu ya mhudumu.