Kibanda kikibomolewa, mshahara wa kibarua hupungua

Na MWANDISHI WETU

INAPOTIMIA saa saba mchana katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, malango hufunguliwa na wafanyakazi humiminika barabarani. Wengi wao hawaendi mbali. Hatua chache tu kutoka langoni, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, sufuria kubwa za githeri, madondo, ndengu na sukuma wiki zimekwisha kuepuliwa na zinafuka mvuke.

Kwa muda wa saa moja hivi mabenchi ya mbao hukaliwa kwa zamu, kisha husalia matupu. Aliyekuja na njaa huondoka ameshiba, na mfukoni bado ana nauli ya kumrudisha nyumbani.

Mandhari hayo yamezoeleka mno kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza jinsi chakula hicho kinavyoweza kuuzwa kwa bei ya chini hivyo, ilhali unga, mafuta na makaa huuzwa sokoni kwa bei ile ile kwa kila mtu. Ni nani hasa anayelipia tofauti hiyo?

Swali hilo lina uzito. Kila mara serikali za kaunti zinapotuma matingatinga kuviondoa vibanda kando ya barabara, mjadala huwa ni wa usafi na msongamano. Ni nadra kusikia mshahara ukitajwa. Hata hivyo, ukipiga hesabu vyema utagundua kwamba kibanda cha chakula ni sehemu ya mshahara wa mfanyakazi wa mapato ya chini.

Hesabu ya sahani moja

Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Novemba 2024 kilimpa kibarua wa kawaida jijini Nairobi takriban Sh16,113 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 26, hiyo ni kama Sh620 kwa siku.

Sasa tuchukulie kwamba sahani ya chakula kibandani inamgharimu Sh100, na kwamba katika mkahawa wenye sakafu ya vigae na mfereji wa kunawia mikono mlo kama huo ni Sh300. Kwa mwezi mzima, kibandani atatumia Sh2,600. Mkahawani atatumia Sh7,800.

Tofauti ni Sh5,200, karibu thuluthi moja ya mshahara wake wote. Hapo hajalipa kodi ya nyumba, hajanunua sare ya mtoto, wala hajatuma chochote kwa wazazi mashambani.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini asibebe chakula kutoka nyumbani? Wapo wanaofanya hivyo, hasa wenye familia. Lakini kibarua anayeishi peke yake katika chumba kimoja, na ambaye huondoka kabla ya jua kuchomoza ili atembee kwa miguu hadi kazini, ana tatizo la moto.

Maharagwe makavu huhitaji saa mbili motoni au hata zaidi. Makaa au gesi ya kuchemshia kikombe kimoja cha maharagwe kwa muda huo huweza kumgharimu kuliko maharagwe yenyewe. Kwake yeye, kununua chakula kilichokwisha kupikwa si uvivu wala ubadhirifu, bali ni uamuzi wa mtu aliyepiga hesabu.

Siri ya bei nafuu

Na hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya kibanda. Moto wa sufuria moja hugawanywa kwa sahani hamsini, kwa hivyo kila mlaji hulipia sehemu ndogo tu ya makaa.

Siri ya pili ni ununuzi. Mpishi hufika katika soko la jumla, kama vile Gikomba, kabla ya mapambazuko. Hununua kwa gunia au kwa debe, na huchagua kilicho rahisi siku hiyo. Kiangazi kikizidi na sukuma wiki ikapanda bei, kabeji huchukua nafasi yake. Nyama ikiwa haishikiki, matumbo huingia sufuriani.

Hana jokofu, na kwa hivyo hawezi kupika kupita kiasi. Hukadiria idadi ya wateja kwa uzoefu, akijua kwamba kitakachobaki jioni kitakuwa hasara yake au chakula cha watoto wake.

Siri ya tatu ni mahali. Kibanda hakilipi kodi ya duka. Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba mwenyewe hukaa bure. Zipo ada za kaunti, na yapo pia malipo yasiyo na risiti anayoyajua kila mchuuzi wa barabarani.

Siri ya nne ndiyo nzito zaidi, na ndiyo isiyoandikwa popote. Ni jasho la mpishi mwenyewe. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na kufunga kazi jioni hajilipi mshahara. Binti au mpwa anayemsaidia kuosha sahani mara nyingi hulipwa chakula na mahali pa kulala. Lau kazi hiyo ingelipwa kwa viwango vya sheria, sahani ya Sh100 isingekuwapo.

Kwa hivyo, jibu la swali letu la mwanzo ni kwamba tofauti ya bei hulipwa na mpishi. Mfanyakazi hunufaika, lakini mwajiri hunufaika vilevile, kwani anaweza kulipa ujira mdogo na bado akapata watu wenye nguvu za kufanya kazi alasiri.

Bei haipandi, chapati hupungua

Uchumi wa kibanda una kanuni nyingine ambayo kila mteja huijua ingawa haijaandikwa ukutani. Bei hufuata sarafu. Chapati ya Sh20 haiwezi kuwa ya Sh23, kwa sababu hakuna mwenye muda wa kutafuta chenji wakati foleni ni ndefu.

Gharama zinapopanda, kinachobadilika ni kipimo. Mnamo 2022, vita nchini Ukraine vilipochangia kupandisha bei ya mafuta ya kupikia na pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ikapita Sh200, vibanda vingi havikuharakisha kubadilisha bei. Chapati ikawa nyembamba. Ugali ukanyweshwa kidogo. Mchuzi ukaongezwa maji.

Serikali iliwahi kuingilia kati kwa kupunguza bei ya pakiti ya unga hadi Sh90 mnamo 2017, na hadi Sh100 mnamo Julai 2022. Nafuu hizo zilikuwa za muda mfupi. Zilipokwisha, mpishi alirudi kwenye njia yake ya kale ya kupunguza donge.

Aidha, kibanda ni benki ya wasio na benki. Kibarua ambaye hajalipwa hula kwa deni hadi Jumamosi, na jina lake huandikwa daftarini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkopo huo hauna riba wala dhamana isipokuwa uso wa mkopaji na uhakika kwamba kesho atapita njia ile ile.

Ndiyo maana kibanda kinapobomolewa ghafla, mpishi hapotezi mabati na sufuria pekee. Wadeni wake hutawanyika, na pamoja nao mtaji wa wiki nzima.

Miji mingine

Ukitoka Nairobi, kanuni hizi hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni kilichomo sufuriani na namna mpishi anavyokwepa gharama.

Mombasa, katika mitaa kama Majengo na Mji wa Kale, biashara nyingi za chakula huanzia kizingitini mwa nyumba. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai, bajia, mishkaki na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu. Mama anayekaanga barazani pake hahitaji kukodi kibanda, kwa kuwa jiko la nyumbani ndilo jiko la biashara. Mteja ni jirani, na mara nyingi humwita mpishi kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kisumu nako, bei nafuu hutokana na mabaki ya biashara kubwa. Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta na kuiuza ng'ambo, hasa barani Ulaya. Kinachosalia ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo, ambao wenyeji huuita mgongo wazi. Wanawake wa mtaa wa Obunga huununua, huukaanga na kuuuza kwa wale ambao samaki mzima umewashinda bei. Kwa ufupi, mnofu husafiri kwa ndege na mfupa hubaki kwa mwenye ziwa.

Jijini Dar es Salaam, mpishi wa aina hii kwa miaka mingi ameitwa mama ntilie, yaani mama anayeambiwa na mteja "nitilie" chakula katika sahani. Baadaye jina la heshima zaidi, mama lishe, likashika. Kwetu Kenya hatujampa jina rasmi, ingawa tumelipa jengo lake hadhi. Hapa hata kibanda chenye benchi mbili huitwa hoteli.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Desemba 2018, serikali ya Tanzania ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wakiwemo mama lishe, kwa ada ya Sh20,000 za nchi hiyo. Aliyekuwa nacho alitarajiwa kufanya kazi bila kusumbuliwa na ushuru wa kila siku. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na wapo waliolalamika kwamba ada ilikuwa kubwa. Lakini ulianza kwa kukiri kwamba mpishi wa barabarani ni mfanyabiashara, wala si takataka ya kuzolewa.

Hoja ya usafi

Pamoja na hayo yote, hoja ya usafi si ya kupuuzwa. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kibarua akiugua kwa siku tatu hupoteza ujira wa siku tatu, kwa hivyo chakula kichafu pia hukata mshahara.

Tatizo kuu la kibanda ni maji. Mpishi huyanunua kwa mtungi wa lita 20, na kwa sababu kila mtungi ni pesa, sahani nyingi huoshwa katika karai moja. Choo kilicho karibu huenda kisiwepo kabisa.

Lakini ni vyema kukumbuka kwamba vigae vya sakafuni si kinga. Mnamo 2017, kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria mikutano katika maeneo ya hadhi jijini Nairobi, nayo Wizara ya Afya ikalazimika kuagiza wanaoshughulika na chakula wapimwe upya. Mkono usionawiwa huleta maradhi popote ulipo.

Sheria haikosekani. Kila anayeshughulikia chakula cha kuuzia umma huhitajika kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho huhuishwa kila baada ya miezi sita. Katiba ya 2010 nayo, katika Mpangilio wa Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula.

Jukumu hilo lina pande mbili. Mwenye mamlaka ya kufunga ndiye pia mwenye mamlaka ya kuweka masharti yanayoweza kutimizwa: mfereji mmoja kwa kila vibanda kumi, choo, mahali pa kutupa taka, na kibali cha bei ambayo muuza githeri anaweza kuimudu. Kwa anayepewa hayo, ukaguzi una maana. Kwa asiyepewa, ukaguzi huwa mlango wa hongo.

Kubomoa hakuondoi njaa. Juma moja baada ya matingatinga kuondoka, mpishi yule yule hurudi akiwa na ndoo zilizofunikwa, akiuza kwa kujificha kwenye majengo yanayojengwa. Sasa yuko mbali zaidi na maji kuliko alivyokuwa, chakula kimepoa njiani, na afisa wa afya hajui pa kumpata. Usafi uliotajwa kuwa sababu ya ubomoaji umezorota zaidi.

Si kwamba vibanda viachwe vizibe barabara na mitaro. Mji hauna budi kuwa na mpango, na mpita njia ana haki yake pia. Lakini mpango usiotenga mahali pa kula kwa watu wanaoujenga mji huo ni mpango nusu.

Kwa hivyo, notisi ya kuondoa vibanda itakapobandikwa tena, wawakilishi wa wadi na maafisa wanaohusika waulizwe swali moja kabla ya tingatinga kuwashwa: kesho saa saba mchana watu hawa watakula wapi, na kwa pesa ngapi?