Anayetaka kujenga daraja sharti ashuke mtoni

MTAKA cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inawafaa sana vijana wanaosomea uhandisi wa ujenzi, pamoja na wazazi wanaojinyima ili kuwalipia karo. Kila mwaka vijana hao huonekana wakizunguka mijini na bahasha mikononi, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani, ambayo wengi wetu huyaita atachimenti. Baadhi yao hubahatika. Lakini je, wanachopata huko ni ujuzi ama ni muhuri tu wa kupeleka chuoni?

Swali hili si la mzaha. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, eneo la Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walifariki. Hapo barabara ilikatiza mto kwa kivuko cha chini, ambacho maji hukifunika mvua kubwa inaponyesha. Miaka minne kabla ya msiba huo, Juni 26, 2017, daraja la Sigiri kwenye Mto Nzoia, Kaunti ya Busia, liliporomoka likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi kadhaa wakajeruhiwa.

Mikasa hiyo ni tofauti, lakini yote miwili inatukumbusha kwamba kazi ya mhandisi haiishii kwenye karatasi. Kijana anayepigiwa muhuri leo bila kugusa saruji ndiye huenda kesho akatia sahihi daraja ambalo wewe na watoto wako mtapitia.

Shimo lisiloonekana

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetoka Kikima, soko lililo juu katika milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Maji ya milima hiyo huteremka kuelekea Mto Thwake, ambao hujiunga na Mto Athi. Nao Athi ukishuka Pwani huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Kijana huyo amekua akivuka mito ya mchanga, ile ambayo hukaa mikavu miezi mingi, kisha hufurika kwa ghafla mvua inaponyesha milimani. Huenda asijue kwamba hilo ni somo kubwa la uhandisi. Mto unapofurika, maji huchimba mchanga uliozunguka nguzo za daraja. Maji yanapopungua, mchanga mwingine hujaza shimo hilo. Anayekuja kukagua wakati wa kiangazi huona mto umetulia na nguzo imesimama wima, asijue kwamba siku ya mafuriko nguzo hiyo ilibaki karibu uchi. Ndiyo sababu wahandisi hujitahidi kufikisha msingi kwenye mwamba, au kuuteremsha chini zaidi ya pale maji yanapoweza kuchimba.

Aidha, wachimbaji mchanga wanaposomba malori kwa malori karibu na daraja, sakafu ya mto hushuka na misingi hufichuka. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Mwanafunzi anayeshuka mtoni na kuuliza wenyeji maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko atajifunza mambo ambayo hayamo katika daftari lake la darasani.

Ajifunze nini?

Kuna kazi ambazo mwanafunzi hapaswi kuondoka mahali pa ujenzi kabla hajazifanya kwa mikono yake. Ya kwanza ni kupima mchanga. Weka mchanga katika chupa ya kioo, tia maji, tikisa, kisha uache utulie. Matope hukaa juu ya mchanga, na yakizidi, zege haishiki vizuri.

Ya pili ni kupima ulaini wa zege kabla haijamwagwa. Hujazwa katika kopo lenye umbo la pia, urefu wa milimita 300, kisha kopo huondolewa na kuangaliwa zege imeshuka kiasi gani. Ikishuka kupita kiasi kilichowekwa, mara nyingi maji yamezidi, na maji yakizidi nguvu hupungua. Ya tatu ni kufinyanga vipande vya zege vya mraba, milimita 150 kila upande, ambavyo huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili nguvu yake ijulikane. Ya nne ni kuhesabu vyuma na kupima nafasi kati ya chuma na chuma kabla ya zege kuvifunika. Baada ya hapo hakuna atakayeviona tena.

Mahali pa kutafuta

Wengi hukimbilia kampuni kubwa za Nairobi. Hata hivyo, kuna idara za barabara za kaunti, na pia mamlaka za barabara kama KeNHA, KURA na KeRRA. Isitoshe, Ukambani kuna mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi yakiwa yamejengwa na vikundi vya wananchi kwa mwethya. Ukuta wa bwawa la namna hiyo ni mdogo ukilinganishwa na daraja, lakini nao hutaka mwamba chini na kushikamana imara na kingo za mto. Kijana aliyeshiriki kuujenga mmoja kuanzia kuchimba hadi mwisho huenda akajua mengi kumshinda mwenzake aliyekaa miezi mitatu ofisini akitoa nakala za barua.

Nawe mzazi una wajibu wako. Hakikisha mtoto ana barua ya chuo, bima na daftari la kazi za kila siku. Uliza kama ana buti na kofia ya kujikinga. Jiandae kwa nauli, chakula na kodi ya chumba, kwani mara nyingi wanafunzi hawa hawalipwi. Na jioni anaporudi, badala ya kumuuliza kama msimamizi ametia sahihi, muulize leo amepima nini.

Safari yenyewe ni ndefu. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, hata baada ya kuhitimu digrii, kijana huhitaji uzoefu wa angalau miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Heri basi aanze mapema kuchafua viatu vyake. Mvua za Novemba zikifika Mbooni, mto hautauliza alipata alama ngapi.