Sura ya Tatu: Kima Aliyelala, Naye Ahesabiwe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi barabara iendayo Paje bado ni tupu, na umande wa msitu wa Jozani umeshalowesha suruali mpaka magotini. Nimesimama chini ya mkungu, kichwa juu, nikiyapekua majani kwa darubini. Sioni kitu. Mwenzangu, mzee wa kijiji cha Pete aliyeujua msitu huu tangu utotoni, hatazami juu hata kidogo. Ameegemea shina la mwembe, macho ameyafumba nusu.

"Mwanangu, utavunja shingo bure," ananiambia. "Subiri waende choo."

Haikupita muda majani makavu yakaanza kulia tap-tap-tap mbele yetu, kama matone ya mwanzo ya mvua, na harufu ikafuata. "Haya," akasema mzee, "wameamka." Hilo halikuwamo katika kitabu chochote nilichosoma kabla ya kwenda msituni.

Tuliokuwa tukiwangojea ni kima punju. Mgongo ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, uso mweusi wenye midomo ya waridi, na nywele nyeupe zimesimama utosini kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Makao yao ya asili ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani, basi. Wale wachache walioko Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Punju ni sumu, na jina hilo limebeba imani ya zamani kwamba mti anaoula mnyama huyu hufa. Haufi. Ila harufu yake, nakiri, inaeleza kwa nini watu walimshuku.

Sasa kazi yenyewe. Msomaji anaweza kudhani kumwangalia mnyama ni kumkodolea macho na kuandika anayoyafanya. Nami nilidhani hivyo. Siku yangu ya kwanza nilirudi na kurasa sita zilizojaa ugomvi, kufukuzana, mtoto aliyeanguka akadaka tawi, na dume lililopiga kelele mpaka ndege wakaruka. Kwa daftari lile ungeapa kwamba kima punju ni mnyama wa fujo tupu.

Kosa halikuwa la kima. Lilikuwa la jicho. Jicho la binadamu ni kama mtoto sokoni, hufuata penye zogo. Kima mmoja akipiga ukelele, wenzake ishirini walioketi kimya wanafutika. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia nyani wa Amboseli, Kenya, alichapisha makala iliyoliweka tatizo hili mezani, akapanga njia za kulizuia jicho lisijichagulie lenyewe. Nusu karne imepita, na bado ndiyo makala anayokabidhiwa karibu kila mwanafunzi anayekwenda kuangalia wanyama.

Njia mbili kati ya hizo ndizo tulizozitumia siku ile. Ya kwanza ni ya saa. Kila baada ya dakika 15 unapitisha jicho katika kundi kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kima unayemwona unamwandikia jambo moja tu, lile analolifanya sekunde ile: anakula, anatembea, amepumzika, anamchambua mwenzake manyoya. Akianza vituko sekunde moja baadaye, hayo si yako. Ya pili ni ya mlengwa. Unachagua kima mmoja kabla hujajua atafanya nini, kwa kura au kwa orodha, kisha unamfuata yeye peke yake kwa dakika kumi. Wengine wakipigana pembeni, wapigane. Akijificha nyuma ya jani unaandika "haonekani," wala hubahatishi. Neno hilo lina thamani yake. Kima anayekula ndani ya majani mazito huonekana kwa shida kuliko anayeota jua kwenye tawi tupu, na asiyeandika "haonekani" huishia kuamini kwamba kima hushinda wakiota jua.

Tunaandika kwa penseli, kwa kuwa wino hutawanyika karatasi ikipata unyevu. Mzee huwatambua mmoja mmoja, huyu kwa mkia uliopinda, yule kwa sikio lenye pengo. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuwajua wanne tu.

Saa nne jua likakaza, na kundi lote likalala. Huyu amejilaza kifudifudi juu ya tawi, miguu inaning'inia huku na huku. Yule amekaa na tumbo lake mbele kama mzee wa barazani baada ya pilau. Saa ikafika: amepumzika, amepumzika, amepumzika. Robo saa nyingine: amepumzika. Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini na kwenda kutafuta chai.

Wasifanye hivyo, maana usingizi huo ni sehemu ya kula. Kima punju ana tumbo lenye vyumba kadhaa, na ndani yake wamo bakteria wanaochachusha majani, jambo linalokaribia lile la ng'ombe. Uchachushaji unataka muda. Ndiyo sababu hupendelea majani machanga na matunda mabichi. Tunda lililoiva lina sukari nyingi, nayo huweza kumvuruga tumbo. Kima wa kawaida, yule wa kijivu ambaye mara nyingi huandamana nao, hujaza embe mashavuni na kukimbia. Punju hana mifuko ya mashavu, na hata dole gumba la mkono hana la maana. Kolobus, jina la ukoo wake, limetoka katika neno la Kigiriki la mtu aliyekatwa kiungo. Safu zile ndefu za "amepumzika" ndizo zinazokuonyesha tumbo lake lilivyo, bila kumpasua.

Alasiri, saa tisa na nusu hivi, mlengwa wangu alikuwa jike mwenye mtoto kifuani. Akashuka mpaka chini, jambo ambalo hawalifanyi ovyo, akaenda penye kisiki kilichoungua mpakani mwa shamba, akamega kipande cha makaa. Akakaa akakitafuna taratibu, kama mtu anayekula kashata, midomo ya waridi ikageuka myeusi. Mtoto akanyoosha shingo akainusa midomo ya mama yake.

Mambo haya mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliyachunguza hapa hapa. Majani ya mkungu na mwembe yana lishe nzuri, lakini yana pia fenoli, kemikali zinazoweza kudhuru au kuzuia mmeng'enyo. Mwaka 1997 Struhsaker na David Cooney walichapisha vipimo vya maabara vya makaa wanayokula kima hawa: yanazinasa fenoli vizuri. Inadhaniwa kwamba watoto hujifunza kwa mama zao.

Moyo ulikuwa ukinidunda, na nilitamani kuandika ukurasa mzima. Nikaandika mstari mmoja: saa, jike, anakula, makaa, kisiki. Anayetaka kusema makaa yana uzito gani katika maisha ya kima sharti ajue pia dakika zote ambazo kima hakuyagusa, na hizo ziko katika mistari ya kuchosha ya asubuhi. Hesabu kubwa ya kima punju wa kisiwa kizima ilizaliwa kwa subira ya namna hiyohiyo. Watafiti walizunguka Unguja miaka miwili wakihesabu kundi kwa kundi, na mwaka 2019 wakachapisha idadi ya zaidi ya 5,800, kubwa mno kuliko ilivyodhaniwa, ingawa mnyama bado yumo hatarini kutoweka.

Jioni, kabla ya kurudi Pete, mzee alichukua daftari langu akalifunua. "Leo umeandika kulala sana," akasema. Nilidhani ananicheka. "Ndivyo walivyo," akaongeza, akanirudishia.

Kama una shaka na sura hii, huna haja ya kuja Jozani. Tafuta mbuzi wa jirani au kunguru wa jalalani, saa, penseli na karatasi. Mchague mmoja kabla hajafanya lolote, umfuate dakika kumi bila kumtazama mwingine. Mwenzake akianza vurugu dakika ya tatu, usigeuke.