Mashine ya Kupandia kwa Hewa: Namna ya Kuichagua na Kuiandaa kwa Kilimo cha Ngano Bila Kutifua Ardhi

Na Mwandishi Wetu

Kosa la mashine ya kupandia halijitangazi siku linapotendeka. Mbegu hufukiwa, trekta likasonga mbele, na shamba likaonekana limepandwa sawasawa. Ni baada ya wiki moja au mbili, miche inapochomoza, ndipo mkulima anapoona mistari mitupu, sehemu zilizosongamana na nyingine ambazo mbegu imeoza au imeungua kwa mbolea. Wakati huo unyevu wa kupandia umekwisha kupita, na fedha za mbegu na mafuta haziwezi kurudi.

Kwa wakulima wa ngano katika wilaya kama Hanang mkoani Manyara, jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania bado huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayotumika nchini, na nyanda za Basotu ni miongoni mwa maeneo yaliyozoea kilimo cha zao hilo kwa mashine tangu miaka ya 1970, mashamba ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) yalipoendeshwa kwa msaada wa Canada. Uzoefu wa miaka hiyo uliacha somo: ardhi inayotifuliwa mara kwa mara na kuachwa wazi huchukuliwa na maji na upepo. Hii ndiyo sababu kilimo bila kutifua ardhi kinazungumzwa sasa, na pamoja nacho mashine ya kupandia kwa hewa.

Mashine hii hufanyaje kazi

Upandaji kwa hewa ulianza kutumiwa na wakulima wa nafaka nchini Australia katika miaka ya 1950, kisha ukaenea katika nyanda kavu za Canada. Mbegu na mbolea hukaa katika tangi moja kubwa lenye vyumba tofauti. Chini ya kila chumba kuna kipimio, yaani rola yenye mitaro, ambayo hutoa kiasi maalumu kwa kila mzunguko. Feni husukuma hewa ndani ya mabomba, hewa ikabeba mbegu hadi kwenye kigawanyio, na kutoka hapo kila bomba jembamba hupeleka sehemu yake kwenye mfuo mmoja. Kifaa cha mbele hufungua mfuo, mbegu hudondoka, na gurudumu la nyuma hushindilia udongo juu yake.

Faida yake ni kwamba tangi moja huhudumia upana mkubwa, na mbegu na mbolea huwekwa kwa mpito mmoja. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu hutegemea hewa: bomba likiziba au feni ikilegea, mstari mzima hubaki mtupu bila dereva kutambua.

Swali la kwanza: je, mashine inahitajika?

Mkulima wa ekari 5 au 20 hana haja ya mashine hii. Mashine ndogo ambayo mbegu hudondoka kwa uzito wake yenyewe ni rahisi kununua, kurekebisha na kuvuta. Mashine ya hewa hufaa shamba kubwa, au kikundi cha wakulima wanaochangia, au mtoa huduma anayekodisha.

Ukubwa uchaguliwe kwa hesabu, si kwa macho. Mashine yenye upana wa mita 6, ikienda kilomita 7 kwa saa, hupita juu ya hekta 4.2 kwa saa. Kwa kuwa muda hupotea katika kugeuza, kujaza tangi na kusafisha, kazi halisi ni takriban asilimia 70 ya hapo, yaani karibu hekta 3. Kwa siku ya saa 8 hizo ni hekta 23 na ushei, sawa na takriban ekari 58. Ikiwa siku zenye unyevu mzuri ni 10, mashine hiyo itamaliza kama ekari 580. Mwenye ekari 1,200 atahitaji mashine pana zaidi au saa nyingi zaidi. Mwenye ekari 300 asijibebeshe deni la upana asiouhitaji.

Kabla ya kununua, trekta nalo lipimwe. Halihitaji nguvu ya kuvuta pekee, bali pia mafuta ya haidroliki ya kutosha kuzungusha feni wakati huohuo linapoinua fremu. Mota ya feni aghalabu huhitaji njia ya kurudisha mafuta isiyo na shinikizo. Isipowekwa, sili za mota hupasuka. Muuzaji aulizwe pia kuhusu vipuri: sahani, bearingi, ncha za meno na mabomba ni vitu vinavyokwisha, na mashine isiyo na vipuri karibu ni chuma cha kupumzikia kuku.

Sahani au jino

Uamuzi mkubwa ni wa kifaa kinachofungua mfuo. Sahani hukata mabua na kugusa udongo kidogo sana, hivyo huhifadhi unyevu na haichochei magugu kuota. Hata hivyo, huhitaji uzito mkubwa ili kuingia ardhini, gharama yake ya matunzo ni kubwa, na katika udongo mweusi unaonata sahani hujaa tope. Mabua yakiwa na umande, sahani huyakunja na kuyasukuma ndani ya mfuo badala ya kuyakata. Mbegu hulala juu ya mabua hayo na haigusi udongo. Dawa yake ni sahani kali, na subira ya kungoja jua likaushe mabua.

Jino huvunja ardhi ngumu, husukuma mabua pembeni na huacha mbegu katika udongo safi. Ni rahisi kutengeneza hata katika karakana ya kijijini. Kasoro yake ni kwamba hutifua zaidi, na mabua marefu hujikusanya kati ya meno hadi yakaziba njia. Kwa hiyo penye mabua mengi na udongo laini, sahani ina nafasi. Penye ardhi iliyoshindiliwa au yenye mawe, jino hustahimili zaidi.

Nafasi kati ya mistari huwa baina ya sentimita 19 na 30. Mistari ya karibu hufunika ardhi mapema na kubana magugu. Ya mbali hupitisha mabua kwa urahisi. Ikumbukwe kwamba kwa kiasi kilekile cha mbolea kwa hekta, mistari inapokuwa mbali kila mita ya mfuo hubeba mbolea nyingi zaidi, na hatari ya kuunguza mbegu huongezeka. Urea isiwekwe pamoja na mbegu, kwa kuwa hutoa amonia inayoua chipukizi. DAP pia ina nitrojeni, hivyo isizidishwe. Mashine bora ni ile inayoweka mbolea katika ukanda wake, sentimita 2.5 hadi 5 pembeni na chini ya mbegu.

Kupima kiasi cha mbegu

Kilo kwa ekari zisirithiwe kutoka msimu uliopita, kwa sababu ukubwa wa punje hubadilika. Tuseme lengo ni miche 200 kwa mita ya mraba, punje 1,000 zina uzito wa gramu 40, na mbegu 80 kati ya 100 zinatarajiwa kuota na kusimama. Miche 200 ni gramu 8 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 80 kwa hekta. Zikigawanywa kwa 0.8 hupatikana kilo 100 kwa hekta, yaani takriban kilo 40 kwa ekari.

Kisha mashine ipimwe. Kwa upana wa mita 6, sehemu ya ishirini ya hekta ni mwendo wa mita 83.3. Gurudumu linaloendesha kipimio lipimwe mzingo wake shambani, tangi likiwa na mzigo. Ukiwa mita 2.5, mizunguko 33 na theluthi ndiyo mwendo huo. Mbegu zitakazotoka zinatakiwa kuwa kilo 5. Zikiwa kilo 4.6, upungufu ni asilimia 8, na kipimio kirekebishwe na kupimwa tena.

Jambo la pili ni mgawanyo. Mifuko ifungwe kwenye kila mdomo wa bomba, feni iwashwe, na kila mfuko upimwe peke yake. Mfuko unaotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10 una sababu: bomba limepinda, limelegea na kushuka katikati, au buibui amejenga ndani yake. Kasi ya feni iwe ile inayotosha tu kusafirisha mbegu bila kuziba. Hewa ikizidi, punje hupasuka au hurushwa nje ya mfuo.

Shambani

Upandaji bila kutifua huanza siku ya kuvuna. Kombaini isipokata na kutawanya mabua na makapi kwa upana wake wote, hakuna mashine ya kupandia itakayorekebisha marundo hayo. Angalau asilimia 30 ya uso wa ardhi inatakiwa kubaki imefunikwa baada ya kupanda. Katika maeneo yenye mifugo mingi, hili haliwezekani kwa amri ya mwenye shamba pekee. Ni lazima wakulima na wafugaji wapatane mapema ni sehemu gani ya mabua italishwa na ipi itaachwa.

Siku ya kupanda, fremu isawazishwe mbele, nyuma na pande zote mbili mashine ikiwa imeshushwa ardhini. Baada ya mita 50 kwa mwendo wa kawaida wa kazi, dereva ashuke na kufukua nyuma ya kila kifaa. Ngano hupendelea kina cha sentimita 3 hadi 5, mbegu ikiwa imekaa katika udongo wenye unyevu na kushindiliwa bila kuachwa na uwazi. Ukaguzi huo urudiwe kila udongo unapobadilika na kila tangi linapojazwa.

Mkulima anayefikiria kununua au kukodi mashine hii anashauriwa kuonana na afisa ugani wa halmashauri yake kabla ya msimu, na kudai kuiona ikipanda katika udongo unaofanana na wake. Saa mbili za kufukua mbegu kwa kijiti zina faida kuliko msimu mzima wa kujutia mistari mitupu.