Mchoraji wa Pwani na Mlima wa Baridi

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni watu wa pwani kama mimi, waliosikia mawimbi kabla ya kusikia kitu kingine. Basi huenda mkastaajabu nikiwaambia kwamba kila mwaka, kusi inapoanza kuvuma na watalii wakapungua mahotelini, mimi hufunga brashi na rangi zangu ndani ya kikapu cha ukili nikapanda basi la Taveta, kwenda kukaa chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kazi yangu ni uchoraji. Nilianza nikiwa kijana Mji wa Kale, Mombasa, nikiandika mabango ya maduka na majina ya vyombo. Marehemu baba hakunikataza, ila alinishika mkono akaniambia nisichore chenye roho. Najua wanavyuoni wana kauli mbalimbali katika jambo hilo, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Lakini ahadi ni deni. Nikawa nachora majahazi yasiyo na mabaharia, milango ya nakshi, minara na minazi, na riziki ikapatikana, alhamdulillahi.

Taveta nilifika mara ya kwanza mwaka 1996, nikiwa utingo katika lori la mjomba lililokwenda kupakia ndizi. Kutoka Mombasa ni kiasi cha kilomita 260, na siku hizo kipande kile baada ya Mwatate kilikuwa vumbi tupu; leo ni lami. Tulifika usiku, tukalala kwa mkulima mmoja mwenyeji wa pale. Alfajiri nilitoka kutia udhu. Nilipoinua uso, maji yakinitiririka ndevuni, nikauona mlima umesimama juu ya migomba, kichwa chake kina rangi ya waridi, na chini yake bado kiza. Mjomba alirudi na ndizi zake siku ya pili. Mimi nilibaki siku tisa.

MISIMU YA MLIMA

Mlima uko Tanzania, lakini kutoka Taveta hadi kilele chake ni kiasi cha kilomita 50 tu. Vilele viwili huonekana: Kibo chenye barafu, mita 5,895, na kuliani kwake Mawenzi, mita 5,149, kilichochongoka kama meno ya msumeno. Jua hutoka nyuma ya mgongo wa mchoraji na kuupiga mlima usoni. Ndiyo sababu kazi ni ya asubuhi. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu hupanda kutoka msituni, na mlima hujifunika kama bibi aliyesikia hodi ya mgeni.

Babu zetu walihesabu mwaka kwa pepo, na mimi nimeona hesabu ileile yafaa hata bara. Mwezi wa Aprili nikifika, masika yameshaanza. Wiki nzima, pengine wiki tatu, hakuna mlima. Kuna ukungu, na mvua juu ya majani ya migomba, na mto Lumi unaotisha kuvunja kingo zake. Katika siku hizo huwamba vitambaa kwenye fremu, hutengeneza brashi, na Jumatano na Jumamosi huenda sokoni kutazama ndizi zikishushwa. Mchoraji asiye na subira na arudi pwani.

Mwishoni mwa Mei mbingu huanza kupasuka. Hapo ndipo Kibo hutokea amevaa theluji mpya hadi mabegani, na mgeni huapa kwamba mlima haujapungukiwa na kitu. Mimi pia niliamini hivyo miaka ya mwanzo. Mwenyeji wangu ndiye aliyenifundisha kutofautisha. Theluji ya masika, alisema, ni mgeni. Huja jioni, huondoka baada ya siku chache. Barafu ndiye mwenyeji, na ukitaka kumjua mwenyeji, njoo wakati ambao hakuna wageni.

Kwa hiyo mwishoni mwa Juni, kipupwe kinapoleta mawingu mazito na watalii wakaanza kurudi pwani, hushuka Mombasa kuuza nilichochora. Lakini kila mwaka katika kaskazi, Januari au Februari, hupanda tena kwa siku kumi. Nchi wakati huo ni kavu na vumbi jekundu limetanda. Hukaa chini ya mwembe uleule, nikachora picha moja ya Kibo kilichobaki na barafu yake tu. Picha hizo siziuzi. Nyuma ya kila moja huandika mwaka.

Mwezi wa Ramadhani nao umezunguka nami misimu hiyo yote. Nimefunga Taveta katika joto la kaskazi, rangi zikikauka juu ya brashi kabla hazijagusa kitambaa. Na nimefunga katika baridi ya Juni, kiu hata sikuijua.

NENO LA BWANA KHERI

Watu wa pwani hatukuanza jana kuutazama mlima huu. Misafara ya Waswahili ilipita Taveta miaka mingi kwenda kutafuta pembe katika nchi ya Wachagga. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliuona mlima akiongozwa na msafiri mmoja wa pwani aitwaye Bwana Kheri. Rebmann alimwuliza, kile cheupe juu ni nini? Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa London na ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alibisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na mstari wa ikweta.

Leo kipande kimoja cha barafu ya Kibo kinaitwa kwa jina la Rebmann. Bwana Kheri ametuachia neno lake, na kwangu mimi neno hilo ni somo zima la uchoraji. Picha zangu za kwanza zilikuwa na theluji nyeupe kama chokaa ya ukutani, nazo hazikuwa na baridi hata kidogo. Nilihangaika hadi siku moja nikamkumbuka mama yangu siku ya Alhamisi, akisuuza kanzu za Ijumaa. Kanzu haikuwa nyeupe mpaka mama atie buluu ya kufulia majini. Nikajaribu. Nilitia buluu kidogo mahali penye kivuli, na chembe ya waridi mahali jua linapogusa kwanza, na cheupe chenyewe nikakitumia kwa ubahili. Picha ikatoa baridi.

MLIMA WA BABA

Sasa nieleze lililonipata, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Miaka michache iliyopita mwenye duka moja la vitu vya watalii aliniagiza picha 20 za Kilimanjaro. Alinipa arubuni nzuri, na binti yangu alikuwa anadaiwa karo. Sharti lake lilikuwa moja: theluji iwe nyingi, ijae kileleni na kuteremka mabegani, kama katika kadi za posta za zamani. Watalii, alisema, hawanunui mlima wenye kipara.

Nilipanda Taveta kaskazi ile na kuanza. Nilichora sita kwa siku tano, nikitazama mlima kidogo na kadi ya posta zaidi. Siku ya sita mwenyeji wangu alikuja na chai, akaziona zimeegemezwa ukutani zikikauka. Alizitazama muda mrefu, naye ni mzee aliyezaliwa palepale. Halafu akasema, “Mwanangu, huu ni mlima wa baba yangu. Mimi mlima wangu siuoni hapa.”

Niliporudi nyumbani nilizitoa zile picha ambazo siziuzi, nikazipanga sebuleni kwa miaka yake. Sikuhitaji kipimo. Cheupe kilipungua kutoka picha hadi picha, mahali pengine kikakatika vipande viwili, na katika picha za karibuni mwamba ulionekana mahali nilipowahi kutumia buluu ya mama. Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kiasi cha kilomita 12 za mraba. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2. Wanasema dunia inazidi joto, na hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi tangu mwisho wa karne ya 19, hata theluji inayoanguka haitoshi kulipa ile inayopotea.

Usiku ule nilizungumza na mke wangu. Nilimwambia kuchora mlima wa jana na kuuuza kwa jina la leo naona ni sawa na kutia maji katika maziwa. Alinyamaza, kisha akaleta kibati chake cha akiba, tukahesabu arubuni ya watu. Asubuhi nilikwenda nayo dukani pamoja na zile picha sita, ambazo nilikuwa nimeziandika chini, kwa hati inayosomeka, “Kilimanjaro ya zamani.” Mwenye duka alikasirika. Mwishowe alizichukua sita na maandishi yake, na zile 14 akampa mchoraji mwingine. Karo tulilipa kwa shida, muhula ukaisha.

Nilimwuliza mwenyeji wangu kama anahofia chemchemi zitakauka barafu ikiisha. Alinionyesha msitu, si kilele. Na kweli, wanaochunguza maji wanasema chemchemi zilizo chini ya mlima na hata ziwa Chala, lisilo na mto unaoonekana ukiliingia wa kudumu, hupata maji yake zaidi kutokana na mvua inayonyesha juu ya msitu ikazama ardhini. Barafu huchangia kidogo sana. Ukikatwa msitu, ndipo migomba ya Taveta italia. Tangu siku hiyo nimeanza kuchora msitu pia, ule ukanda mweusi ambao zamani niliupita haraka nikikimbilia cheupe.

Atakayepita Taveta katika kaskazi, asilale baada ya sala ya alfajiri. Atoke nje atazame upande wa kaskazini magharibi kabla ya saa tatu. Akiwa na watoto, awaonyeshe ile baridi ya Bwana Kheri ingali ipo. Mimi, Mungu akipenda, atanikuta chini ya mwembe.