Mradi Hupimwa kwa Lengo Lake

Mradi ni kazi yenye lengo, muda na gharama maalumu. Mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja na huduma Dar es Salaam. Manzese, badala ya kubomolewa, ilipelekewa barabara, maji na mifereji. Sinza vilipimwa viwanja vipya kwa watu wa kipato cha chini.

Je, mradi ulifaulu? Ahesabuye barabara na viwanja atajibu ndiyo. Lakini tathmini iliuliza pia: nani alinufaika? Ikabainika kwamba baadhi ya viwanja vilichukuliwa na wenye kipato kikubwa. Kwa hiyo mpangaji hana budi kutaja walengwa tangu mwanzo, na msimamizi kukagua wapewao viwanja wakati kazi ikiendelea, kabla ya kuchelewa.